Misalaba Mifupi ya Floribert

Kama hujawahi kuchuna otokolan asubuhi kabla ya chai, mshukuru Mungu wako. Otokolan ni ile karatasi ya plastiki yenye gundi mgongoni, inayobandikwa kwenye vioo vya teksi na milango ya ofisi. Bibiane alikuwa akiichuna tangu saa mbili, kwa kindoano chembamba, akitoa tumbo la A, tumbo la O, matumbo mawili ya B. Vipande vilimganda vidoleni, vikamganda kwenye mkono wa blauzi, na jioni alipokuwa akioga alikuta kimoja kimelala shingoni kama kupe. Aliichukia kazi hiyo, wala hakumficha mtu. Mwanamke mzima, miaka arobaini na mbili, watoto wawili sekondari, anachokoa matumbo ya herufi.

Maana huyu si mtu wa kuokotwa. Miaka ishirini Bibiane alikuwa mchoraji wa maandishi hapa Bunia, mwenye penso, yaani brashi, na makopo yake ya rangi. Nusu ya vibanda vya kando ya bulvari, ile barabara kuu, alivipaka yeye, saluni, famasi, wauza simu, na kila ukuta uliokataza watu kukojoa ulikataza kwa mkono wake. Watu waliyasoma maneno yake, wakayasifu, kisha wakakojoa papo hapo, na yeye akalazimika kurudi kila baada ya miezi sita kupaka upya huku amebana pumzi. Misalaba ya makaburini pia alipaka, mingi kuliko alivyotaka. Jina kwa rangi nyeupe, mwaka chini yake. Herufi zake zilijulikana: R yake ilikuwa na mguu mrefu unaopiga teke mbele, na hakuna mchoraji mwingine aliyethubutu kuipiga namna ile. Mume alikwenda Kampala kutafuta maisha, maisha akayapata, akamsahau mke. Penso ndiyo iliyolea watoto.

Halafu zikaja mashine. Floribert, aliyekuwa mfanyabiashara wa mbao kabla ya yote, alileta mbili kwa mpigo: moja ya kukata otokolan, nyingine ya laser, sanduku kubwa lenye kifuniko cha kioo, linalochoma mbao kwa mwanga na kuacha maandishi yamezama. Mwaka haukuisha, watu wote wakaacha kumwita Bibiane. Mwenye famasi aliyekuwa akimsubiri hata wiki mbili sasa alipewa kibao chake kabla soda haijaisha. Na herufi zenyewe, uwii, herufi zote sawa, hazina mifupa, utafikiri zimezaliwa na mama mmoja siku moja. Bibiane alizitazama. Alitema mate pembeni, akaenda nyumbani, akahesabu siku ambazo hajaitwa, na wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa Floribert kuomba kufundishwa.

Floribert hakumcheka. Ni mtu wa maneno laini, mwenye tumbo linalomtangulia na vidole vinavyong'aa mafuta ya nyama saa zote. Alimwambia mbele ya wafanyakazi wote:

"Mama Bibi, ukishika hizi mashine mbili miezi tatu bila kuniharibia kitu, nitakupa nafasi. Utazitumikisha weye mwenyewe mpaka uzeeke. Ukishindwa, utarudilia penso yako."

Penso ya kurudilia wapi, na nani anaita? Kwa hiyo miezi mitatu ile ilikuwa chakula cha watoto na jina lake mjini, basi. Alijua, na sisi sote tulijua.

Mwalimu wake alikuwa Plamedi, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyesoma mambo ya ordinatere, yaani kompyuta, mpole, anatafuna karanga siku nzima. Plamedi alimfundisha kwamba mashine haijui neno wala picha, inajua mistari. Mstari mwekundu kwenye ordinatere maana yake kata, mweusi maana yake choma juu juu. Alimfundisha kupima umbali wa kioo cha laser na mbao kwa kipande cha pleksi, ile plastiki ngumu kama kioo, kupunguza nguvu, kuongeza mwendo, kujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Jambo moja alilisema kila asubuhi kama sala: otokolan hainaga ruhusa ya kuingia ndani ya laser, hata siku moja, maana moshi wake unakula mapafu ya mtu, kisha unakula mashine. Bibiane, ambaye alikuwa akimtazama binti huyu kama mtoto aliyefundishwa na watoto wenzake, alisahau siku moja tu, akaweka kipande. Moshi wa kijani uliotoka ulimchoma koo wiki nzima, na kila alichokula kilikuwa na ladha ya betri. Plamedi hakumwambia bosi. Kwa hilo Bibiane alimpenda kidogo.

Mwezi wa kwanza alikuwa na hasira tu. Aliichukia kelele ya grupu, ile jenereta ya umeme, akachukia harufu ya pleksi inayoungua, tamu tamu, ya kutia kizunguzungu. Zaidi ya yote alichukia kazi zenyewe: vishikio vya funguo vyenye umbo la moyo, vibao vya chooni, majina ya mashirika ya kubandika kwenye ndoo ambazo ndani hazina kitu. Siku moja alikata majina mia nne ya kubandika kwenye milango ya vyoo vya wakimbizi, mlango mmoja majina matatu, na akauliza kama kuna mtu anayeingia chooni ili asome.

Mwezi wa pili jambo lilibadilika. Alichukua karatasi, akachora R yake kwa penso, ile yenye mguu wa teke, akaipiga picha, na Plamedi akamwonyesha jinsi ya kuigeuza mistari. Nukta hapa, nukta pale, vuta, legeza. Jioni laser ilichoma R kwenye kipande cha mbao, na ilikuwa R yake, teke lake, imezama milimita mbili, haitafutika kwa mvua. Bibiane aliipapasa kwa kidole gumba. Ndani ya wiki tatu alikuwa amechora alfabeti nzima, herufi kubwa na ndogo, na tarakimu. Wateja wakaanza kuomba "maandiko ya Mama Bibi." Hapo, ndugu yangu, ndipo mtu anapopatikana. Alianza kufika kazini kabla ya wengine.

Floribert naye aliona, akampa misalaba.

Misalaba ndiyo iliyokuwa ikimlisha Floribert, msiulize kwa nini. Aliyeishi Ituri anajua. Watu hapa huweka kwanza chochote juu ya kaburi, fimbo mbili na kamba, kibao cha sanduku la sabuni. Siku ya kuondoa matanga, ukoo unapokutana tena kula na kugawana nguo za marehemu, ndipo unapopelekwa msalaba wa kweli. Ukoo usio na msalaba wa kweli siku ile unasemwa. Floribert aliuza misalaba ya libuyu, ile mbao nyekundu ya msitu wa Mambasa, kwa bei ambayo seremala yeyote angelia. Mbele imerandwa ikang'aa, nyuma imepakwa rangi nyeusi nzito. Rangi ya nyuma, alisema, ni ya kuzuia mchwa.

Ilikuwa mifupi. Bibiane aliona siku ya kwanza. Msalaba wa kawaida unakufika kifuani. Hii ilikufika kiunoni. Floribert alisema ndiyo mtindo wa sasa, Kampala wote wanafanya hivyo.

Na ilinuka. Nasema ilinuka. Libuyu safi ikichomwa inatoa harufu ya kupendeza, kama mtu anayekaanga sukari mbali. Hii ilitoa moshi mweusi wenye mafuta, harufu ya gereji na udongo wa chini na kitu cha tatu ambacho Bibiane hakutaka kukitafutia jina. Kioo cha laser kilishika utando, akakifuta mara nne kwa msalaba mmoja. Nywele zilibeba harufu ile mpaka kanisani, na mtoto wake mkubwa, Elodie, alisogea benchi nyingine. Alimuuliza Floribert. Floribert alikuwa akila mbuzi wa kuchoma, akatikisa mfupa, akasema libuyu ya Mambasa iko na mafuta yake. Bibiane akakubali. Yeye aliyejua rangi, mbao na chokaa za mji huu kwa miaka ishirini, akakubali, akarudi kwenye mashine. Alichoma misalaba kumi na mmoja, jina baada ya jina, na kila jina lilitoka zuri.

Wa kumi na mbili uliagizwa na mwalimu mmoja, Débora, kwa ajili ya baba yake. Zilibaki siku tisa tu miezi mitatu itimie. Floribert alikuwa safarini Mambasa kununua mbao, au alisema hivyo. Débora alitaka jina mbele, na nyuma namba ya zaburi ambayo mzee alikuwa akiisoma kila asubuhi. Bibiane alisita kidogo, kwa kuwa bosi alikuwa amesema nyuma haiguswi, nyuma ni ya mchwa. Lakini mwalimu alikuwa na macho mekundu, na zaburi ni zaburi. Aliugeuza msalaba, akaulaza ndani ya sanduku, akapunguza nguvu kama alivyofundishwa, mpito wa kwanza uwe mwepesi wa kuondoa rangi tu.

Kichwa cha mashine kilikwenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Rangi nyeusi iliondoka. Chini yake hakukuwa na mbao, kulikuwa na weupe. Bibiane aliinama juu ya kioo. Mstari mwingine, weupe ukawa na ukingo. Mwingine, ukingo ukapinda. Mguu ukatokea, mrefu, umepiga teke mbele.

Alizima mashine. Akautoa msalaba, akachukua wembe, akakwangua. GRACIEUSE, kwa rangi nyeupe ya mafuta, kwa mkono wake mwenyewe. Aliikumbuka ile G. Baba wa huyo Gracieuse, mtoto aliyezikwa chini ya msalaba huu, mkulima aliyekimbia vita kutoka Djugu, alisimama kofia mkononi akamwomba aipake tena kwa sababu haikuwa ya mviringo vya kutosha, naye akaipaka tena, na yule baba akamlipa kwa mahindi ya kuchemsha kwa kuwa hakuwa na kingine. Sasa alielewa ufupi. Mguu wa msalaba, ule uliozama ardhini, watu wanaupaka oili chafu ya gari ili usiliwe na mchwa, na ukioza unakatwa kwa msumeno. Alielewa na harufu. Kitu cha tatu alikijua jina lake: kaburi.

Misalaba mitatu mingine ilikuwa imeegemea ukuta ikisubiri majina. Aliikwangua yote migongoni. Majina matatu, mawili ya mkono wake, moja la mchoraji aliyekwisha kufa. Kisha alikwenda nyuma ya grupu, kwenye ndoo ya maji. Alinawa kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawaka. Vidole vilinuka vile vile, au yeye ndiye aliyekuwa akivisikia hivyo.

Plamedi alikuwa amesimama mlangoni na karanga zake. Bibiane alimuuliza kama alijua. Binti alimenya karanga moja.

"Miye naangaliaka juu tu, mama," alisema. "Mashine nayo inaangaliaka juu tu."

Na hilo ndilo jibu la mtu aliyesoma. Bibiane alitaka kumpiga kofi, akakumbuka mkono wenyewe unavyonuka, akauacha.

Floribert alirudi siku ya tatu. Tusidanganyane kwamba aliona haya. Aliketi, akafungua kwanga, ule mkate wa mihogo, na nyama kwenye karatasi, akamsikiliza mpaka mwisho huku akitafuna, kisha akauliza kitu kimoja tu: nani alimtuma aguse nyuma? Sauti yake ilikuwa laini kama kawaida. Alieleza kwa subira, kama anayemweleza mtoto, kwamba makaburi yale hayana watu. Wenyewe walikuwa wakimbizi, wakazika hapa, kisha wakasonga mbele, wengine Uganda, wengine hata hawajulikani.

"Mutu anaacha nyumba, anaacha ngombe, atarudilia musalaba?" alisema. "Mbao ilikuwa inaoza bure. Siye tumeipatia kazi."

Alijifuta vidole. Alijifuta, Mungu wangu, kwenye mkono wa msalaba uliokuwa karibu yake, taratibu, kidole kimoja kimoja, mafuta ya mbuzi yakabaki yanang'aa juu ya libuyu. Bibiane aliyatazama mafuta yale na akili yake yote ikaishia hapo. Floribert aliendelea. Alisema kazi yake ni nzuri, hajaona mkono kama ule, zile siku sita zilizobaki anamsamehe, mashine ni zake kuanzia kesho. Ila hadithi hii ikitoka nje ya parseli, nje ya ua ule, asirudi.

Bibiane alisimama. Alichukua mkoba wake, akatoka. Siku hiyo hakwenda kokote zaidi ya nyumbani, na alipika chakula asichokila, na Elodie alipomuuliza kama sasa ameshapewa mashine alisema bado.

Usimfikirie kuwa shujaa. Siku mbili alikaa akijitafutia mlango wa kutokea. Alijiambia kwamba amezuiwa kujua kwa hila, kwamba mgongo ulipakwa rangi makusudi, kwamba hata padre angedanganyika. Alijiambia ataomba Floribert atafute mbao safi, na ile ya zamani isahauliwe. Alikuwa na maneno mengi mazuri. Kila akiyapanga alikuwa akijinusa vidole.

Siku ya tatu alipanda pikipiki mpaka Ngezi, kwa Mama Godelive, mteja wake wa kwanza wa misalaba ile. Mama huyu alikuwa amechukua msalaba wa mwanaye Yannick, kijana aliyeuawa njiani akitoka shamba. Hajui kusoma, mwembamba, anauza majani ya mihogo mbele ya nyumba. Alimkaribisha Bibiane kwenye kigoda, akaendelea kuchambua majani yake, akitupa ya manjano kando. Bibiane alisema yote bila kupamba. Alisema alikuja kuomba msamaha, kwamba amegundua juzi juzi, kwamba msalaba wa Yannick una jina la mtu mwingine mgongoni.

Mama Godelive hakuacha kuchambua.

"Nilijua ile siku ile ile, tukiwa mu njia," alisema. "Nilipapasa nyuma. Miye sijue kusoma, lakini rangi ya zamani inasimama, unaisikia na vidole. Nikajua hapa kuna jina ya mutoto ya mwenzangu."

Bibiane aliuliza kwa nini basi hakuurudisha.

"Mutoto yangu alilala mwaka muzima chini ya fimbo. Ukoo ilikuwa inakuja kesho yake." Alitikisa majani, wadudu wakaanguka. "Niliiba, mama. Najua niliiba. Kila nikienda pale naomba ruhusa ya yule wa nyuma kwanza, njo naongea na wangu. Na weye ulijua vilevile."

"Hapana, mama. Nilijua juzi juzi."

"Jina ulijua juzi juzi. Harufu ulijua siku ile. Ulinipatia ile musalaba ukiishika na vidole bibili, sawa mutu anatoa panya mu nyumba. Nikakuangalia. Nikasema, huyu anajua, na anaogopa kugeuza."

Hapakuwa na ukali katika sauti yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Inzi walikuwa wamejaa kwenye majani ya manjano. Ilimjia jinsi alivyokuwa akifuta kioo mara nne kwa msalaba mmoja, mara nne, kitambaa kikitoka cheusi, na kila mara akikikunja haraka ili asikitazame. Alijichukia kwa namna ambayo hakuwahi kumchukia Floribert. Floribert angalau alikula huku akitazama.

"Miye nilikuwa na mutoto," Mama Godelive alisema. "Weye ulikuwa na nini?"

"Mashine," Bibiane alisema. "Nilikuwa nataka mashine."

Mama Godelive aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa. Alifunga majani yake mafungu mafungu, akampa Bibiane moja la kupeleka kwa watoto, na Bibiane akalipokea kwa mikono yote miwili.

Barabarani mwenye pikipiki alimuuliza kama anarudi mjini, kwenye atelie ya Floribert. Bibiane alisema hapana. Alimtajia jina la kartie nyingine, mtaa wa mteja wake wa pili, ambaye alikuwa amechukua msalaba wa mke wake. Huyo mwanaume alikuwa nje akinyoa ndevu. Alipomwona alitabasamu, akaanza kusifu yale maandiko, akisema watu wanasimama pale makaburini kuyatazama.

Bibiane hakumngoja amalize. Hakusema amegundua, wala hakusema amedanganywa.

"Nilikuuzia msalaba wa wizi," alimwambia, "na nilijua."